Breki za ABS kwenye pikipiki: majibu kwa barua za wasomaji

Barua zifuatazo tumezichagua kati ya zile zilizotufikia kuhusu breki za pikipiki, hasa ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge (lisiache kuzunguka) unapokaza breki kwa nguvu. Tumezifupisha pale zilipokuwa ndefu, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Nafanya kazi ofisini katikati ya mji wa Goma na naishi Himbi. Nimeonyeshwa pikipiki ya cc 200 iliyokwisha kutumika, na muuzaji ameongeza bei sana kwa sababu ina ABS. Anasema kwamba kwa ABS pikipiki husimama papo hapo, hata mvua ikiwa inanyesha. Je, anasema kweli? Na nyongeza hiyo ya bei inafaa kulipwa?
*Msomaji wa Himbi, Goma*

Ndugu msomaji, muuzaji wako amechukua jambo la kweli akalitia chumvi. Hakuna breki inayosimamisha pikipiki papo hapo. Kinachoisimamisha ni msuguano kati ya mpira wa gurudumu na barabara, na ABS haiongezi msuguano huo hata chembe. Kazi yake ni kuzuia ule uliopo usipotee bure. Mpira hushika barabara kwa nguvu zaidi pale gurudumu linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa pikipiki yenyewe, kwa tofauti ya asilimia 10 hadi 20 hivi. Gurudumu likijifunga kabisa, mpira huburuzwa, msuguano hupungua, na baya zaidi, nguvu ya kuizuia pikipiki isiteleze kwenda kulia au kushoto hutoweka. Gari likijifunga magurudumu huteleza bila kuanguka. Pikipiki haina bahati hiyo: gurudumu la mbele likijifunga, dereva huwa yuko chini kabla hajatambua kilichotokea.

Namna ABS inavyofanya kazi si fumbo. Kwenye kitovu cha gurudumu hufungwa bamba la duara lenye matundu au meno, na pembeni yake huwekwa kihisi, ambacho mafundi wetu hukiita kapteri. Kihisi hicho huhesabu matundu yanayopita mbele yake na kuipelekea kompyuta ndogo habari za mwendo wa gurudumu. Kompyuta ikiona gurudumu linapunguza mwendo kwa ghafla kuliko pikipiki nzima inavyoweza kupunguza, inajua kwamba limekaribia kujifunga. Hapo valvu moja hufunga njia ya mafuta ya breki yanayotoka kwenye kishikio, nyingine hufunguka ili presha ishuke, gurudumu hurudia kuzunguka, kisha presha hurudishwa. Yote hayo hutokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja, huku wewe ukiwa umekaza mkono tu bila kufanya lolote jingine.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye magurudumu ya ndege. Mwaka 1958, huko Uingereza, watafiti wa barabara walifunga kifaa cha Dunlop kilichoitwa Maxaret juu ya pikipiki ya Royal Enfield Super Meteor, wakaona kwamba kinasaidia, hasa barabara inapoteleza, lakini kiwanda hakikuona faida ya kukiendeleza. Ilichukua miaka 30 mpaka BMW ikaanza kuuza K100 yenye ABS ya kielektroniki, mwaka 1988, na kifaa chake kilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Siku hizi kifaa hicho hakifiki hata kilo moja, ndiyo maana kimeweza kuteremka kutoka pikipiki za matajiri hadi hizi za kawaida. Umoja wa Ulaya uliilazimisha ABS kwa pikipiki zinazozidi cc 125, kwanza kwa aina mpya mwaka 2016, kisha kwa zote zinazouzwa mpya mwaka 2017. India nayo ilifanya hivyo mwaka 2018 na 2019. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wetu wengi hawalijui: sheria ya India inahusu pikipiki zinazouzwa ndani ya India. Zile zinazopakiwa kwenye makontena kuja Afrika hazibanwi nayo, kwa hiyo pikipiki ya jina lile lile unayoiona na ABS kwenye video za Wahindi inaweza kufika Goma bila ABS.

Kuhusu bei, maoni yangu ni haya. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa njia ya lami, kati ya magari, mabasi na watu wanaovuka popote wanapotaka, ABS ya gurudumu la mbele inastahili kulipiwa. Taasisi ya Marekani inayogharimiwa na makampuni ya bima, IIHS, ililinganisha mwaka 2013 pikipiki za aina moja zenye ABS na zisizo nayo, ikakuta kiwango cha ajali za vifo kiko chini kwa asilimia 31 kwa zile zenye ABS. Huenda mtu anayekubali kulipia breki bora ni mwangalifu tangu mwanzo, na sehemu ya tofauti hiyo ikawa ni yake mwenyewe, si ya kifaa. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Ila usilipie ABS iliyokufa. Washa kontaki bila kuwasha injini na uangalie dashibodi: taa yenye herufi ABS lazima iwake. Kisha endesha, baada ya mita chache, pikipiki ikishapata mwendo wa kilomita 5 hadi 10 kwa saa, taa hiyo inapaswa kuzimika yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Na ikiwa haikuwaka kabisa tangu mwanzo, usifurahi, maana yawezekana mtu ameing'oa au ameifunika kwa gundi nyeusi ili usiulize maswali. Baada ya hapo tafuta kipande cha lami kikavu kilichonyooka, kisicho na watu, uende kilomita 30 kwa saa na ukaze breki kwa nguvu: kishikio kinapaswa kutetemeka mkononi, na mpira usiache mstari mrefu mweusi barabarani. Uliza pia kama ABS iko kwenye magurudumu yote mawili au la mbele peke yake. La mbele peke yake linatosha kwa kazi yako, lakini bei haiwezi kuwa sawa. Na kama mipira imekwisha meno, fedha ya kwanza iende kwenye mipira.

Mimi ni motari, nabeba abiria kati ya Ndosho na Sake. Wakubwa walionifundisha kuendesha walinikataza kugusa breki ya mbele, hasa kwenye mvua na juu ya mawe, wakisema kwamba inapindua pikipiki. Mpaka leo natumia ya nyuma tu. Pikipiki yangu ni Boxer. Je, fundi anaweza kunifungia ABS? Na juu ya mawe ya volkano, ABS ingenisaidia?
*Motari wa Ndosho, Goma*

Kufungiwa ABS, hapana. ABS hufanya kazi kwa kupunguza na kurudisha presha ya mafuta ya breki, lakini Boxer nyingi zinazobeba abiria hapa kwetu, pamoja na TVS HLX nyingi, zina breki za tambu, yaani za ngoma iliyo ndani ya gurudumu, zinazovutwa kwa waya au kwa chuma. Hakuna mafuta, hakuna presha, kwa hiyo hakuna cha kupunguza wala kurudisha. Hata pikipiki yenye diski haifungiwi ABS kwa urahisi, kwa sababu inahitaji vihisi, kompyuta na valvu zilizopimwa kwa ajili ya uzito na mipira ya pikipiki hiyo hiyo. Utakutana na watu wanaouza kikopo kidogo cha chuma cha kuungwa kwenye mpira wa mafuta ya breki, kimeandikwa ABS kwa herufi kubwa. Ndani yake hamna zaidi ya kipande cha mpira au springi inayolainisha presha kidogo. Hakijui kama gurudumu linazunguka au limejifunga. Usinunue.

Sasa hilo la breki ya mbele, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko ABS yenyewe. Wakubwa wako waliona watu wakianguka, na hawakusema uongo. Walichokosea ni dawa. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake hulalia mbele. Mpira wa mbele hugandamizwa barabarani na kupata nguvu ya kushika, na wa nyuma huwa mwepesi, ukipoteza nguvu hiyo. Kadiri unavyokaza zaidi, ndivyo wa nyuma unavyozidi kuwa mwepesi. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake anategemea gurudumu linalokaribia kuelea.

Tufanye hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, unasafiri mita 14 hivi kila sekunde. Juu ya lami kavu, dereva anayetumia breki zote mbili vizuri, na breki zenyewe zikiwa nzima, anaweza kusimama ndani ya mita 14 tangu breki ziliposhika. Anayetumia ya nyuma peke yake atahitaji mita 30 au zaidi. Kwa wote wawili ongeza zile mita 14 zinazopita wakati jicho linaona na mkono haujafanya kitu. Tofauti ya mita 16 ni urefu wa lori lenye trela, na kwenye barabara ya Sake malori hayakosekani. Ni kweli kwamba abiria na mzigo wake nyuma huongeza uzito kwenye gurudumu la nyuma na kuifanya breki hiyo ifae zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini hesabu haigeuki.

Kinachoangusha ni kuikamata breki ya mbele kwa ghafla, mkono ukakaza kabla uzito haujafika mbele. Mpira ambao bado haujagandamizwa hujifunga mara moja. Kwa hiyo anza kwa kuikaza taratibu, kama mtu anayekamua chungwa asitake maji yake yamrukie, na uongeze nguvu kadiri unavyohisi pua ya pikipiki inashuka. Breki ya nyuma ikanyage wakati huo huo, lakini kwa wepesi. Usukani uwe umenyooka na gurudumu liwe limenyooka. Jizoeze asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu na bila abiria, ukianzia kilomita 20 kwa saa. Ukisikia gurudumu la mbele linaanza kuteleza, legeza vidole mara moja, kisha ukaze tena. ABS hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe ina kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia, na haishtuki.

Kuhusu mawe, swali lako ni zuri na jibu lake halipendezi wauzaji. Juu ya changarawe iliyolegea, gurudumu lililojifunga huchimba na kusukuma mawe mbele yake, na lile rundo dogo linalojikusanya husaidia kusimamisha pikipiki. ABS, kwa kuliachia gurudumu lizunguke, hulizuia rundo hilo lisijikusanye, hivyo pikipiki huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Ndiyo sababu pikipiki nyingi kubwa zilizotengenezwa kwa safari za vumbi na mawe zina kitufe cha kuzima ABS ya nyuma, na sheria ya Ulaya niliyoitaja hapo juu imeziacha huru zile za michezo ya porini. Kwa gurudumu la mbele hesabu ni nyingine, kwa kuwa hata juu ya mawe likijifunga unaanguka. Afadhali kwenda mita kadhaa zaidi ukiwa umekaa juu ya pikipiki.

Goma, hata hivyo, ina hatari ya tatu ambayo si lami wala si mawe. Mitaa mingi imelala juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo, ile ya zamani na ile iliyoteremka mpaka ziwani tarehe 17 Januari 2002, na mahali ambapo mtaa wa mawe unaingia kwenye lami, mvua na magurudumu ya magari huleta changarawe nyeusi na kuitandaza juu ya lami. Ukiitazama kutoka mbali huioni, hasa jioni, kwa sababu rangi ya changarawe na ya lami ni moja. Unakuja umekaza breki kwa kiasi kinachofaa lami, halafu ghafla mpira wa mbele unakanyaga punje hizo kwa urefu wa mita moja au mbili. Hapo ndipo ABS hulipa gharama yake yote kwa mara moja: huachia gurudumu lilipo juu ya punje na kulikaza tena linapofika kwenye lami safi. Wewe usiye nayo huna budi kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona hizo, na kuzivuka bila breki yoyote. Na ukiona chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, lililojaa mkaa linateremka, mpishe tu mwenye nalo. Breki yake ni kipande cha mpira anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma, hawezi kukupisha wewe.

Naishi Kadutu, na kila asubuhi nateremka kwenda mjini kwa pikipiki yangu yenye ABS. Siku moja ya mvua, udongo mwekundu ukiwa umetapakaa juu ya lami, nilikaza breki, kishikio kikaanza kunitetemeka mkononi kwa kelele. Niliogopa nikaachia, kidogo nigonge gari lililosimama. Baadaye nilibadilisha mpira wa mbele, na tangu hapo taa ya ABS haizimiki. Fundi anasema nitoe fyuzi ili iniache na amani. Nifuate shauri lake?
*Msomaji wa Kadutu, Bukavu*

Usilifuate. Lakini kwanza tumalize lile la kishikio kutetemeka: hiyo ndiyo ABS ikifanya kazi. Mtetemo ni ile presha inayoshuka na kupanda, na kelele ni pampu na valvu zake. Siku ile gurudumu lako lilikuwa limekaribia kujifunga juu ya udongo, mfumo ukaliokoa, kisha wewe ukauachisha kazi katikati. Kishikio kikitetemeka, endelea kukaza na uangalie unakotaka kwenda, si kile unachoogopa kukigonga. Ukiwa na nafasi, jaribu jambo hilo kwa makusudi mara chache kwenye mwendo mdogo, ili mkono uzoee.

Taa iliyowaka baada ya kubadilisha mpira karibu kila mara inaeleza kilichofanyika wakati gurudumu lilipotolewa. Muulize fundi mambo haya kwa utaratibu. Je, mpira mpya una vipimo vile vile vilivyoandikwa kwenye ule wa zamani? Kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu mawili, na mpira mrefu au mfupi kupita kiasi hulifanya gurudumu moja lionekane kama linateleza wakati wote. Je, kihisi kilirudishwa mahali pake, skurubu yake ikakazwa, na waya wake haukubanwa? Nafasi kati ya kihisi na bamba la matundu ni ndogo sana, na bamba likipinda hata kidogo kwa kuegemezwa chini juu ya jiwe, au matundu yakijaa tope, hesabu huharibika. Kuvifuta kwa kitambaa safi ni kazi ya dakika chache na mara nyingi ndiyo dawa yenyewe. Angalia pia betri, maana ikiwa dhaifu ABS hujizima. Na kama fundi alizungusha gurudumu la nyuma kwa injini pikipiki ikiwa juu ya stendi, kompyuta huona gurudumu moja linakimbia na jingine limesimama, ikawasha taa. Hapo zima kontaki, washa tena, uendeshe.

Taa ikiwaka, breki za kawaida bado zipo, ila bila ulinzi wa ABS. Kutoa fyuzi hakutengenezi chochote. Kunageuza hitilafu inayoweza kutengenezwa kuwa hali ya kudumu, katika mji wenye miteremko mingi.

Kwa kuwa unateremka kila siku, nizungumzie na mafuta ya breki, jambo ambalo mafundi wetu hulisahau mpaka kishikio kilainike. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa. Ukikaza breki muda mrefu kwenye mteremko, joto huyafikia, maji yaliyomo huchemka, na kishikio huingia mpaka usukani bila kushika kitu. ABS haiwezi kukusaidia hapo, kwa sababu yenyewe inategemea mafuta hayo hayo, na unyevu huo huo huozesha valvu zake ndogo ambazo bei yake ni maumivu. Badilisha mafuta kila baada ya miaka 2, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake, ambayo kwa kawaida ni DOT 4, na usikubali kamwe kuongezewa mafuta ya injini, kwani huvimbisha mipira ya ndani. Teremka ukiwa kwenye gia ya chini ili injini ifanye sehemu ya kazi.

Jambo la mwisho kwako ni kona. ABS ya kawaida imepimwa kwa pikipiki iliyonyooka. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, mpira unatumia sehemu ya nguvu zake kuishikilia isiteleze kwenda nje, na ukikaza breki kwa ghafla unaweza kuanguka hata ABS ikiwa nzima. Zipo ABS zinazopima jinsi pikipiki ilivyolala; ya kwanza ya Bosch ilifungwa kwenye KTM 1190 Adventure ya mwaka 2014, lakini pikipiki za namna hiyo bado ni za bei kubwa. Kwako kanuni ni ile ile ya zamani: maliza kupunguza mwendo kabla ya kona.

Hapa Lubumbashi naonyeshwa pikipiki mpya za cc 125 zilizoandikwa CBS. Muuzaji anasema ni kitu kimoja na ABS, ila jina tofauti. Ni kweli?
*Msomaji wa Lubumbashi*

Si kweli. CBS huunganisha breki mbili, hivyo kwamba ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo hushika kidogo. Ni msaada mzuri kwa wale wasiogusa breki ya mbele, na sheria zile za Ulaya na India zilipoanza ziliikubali badala ya ABS kwa pikipiki zisizozidi cc 125; lakini haipimi mwendo wa gurudumu, na ukikaza kupita kiasi gurudumu litajifunga kama kawaida. Chuchumaa kando ya gurudumu la mbele utazame karibu na diski. Usipoona bamba dogo la matundu na waya mwembamba unaopanda kutoka hapo kando ya shokomzoba ya mbele, pikipiki hiyo haina ABS kwenye gurudumu hilo, hata kama imebandikwa nini kwenye tangi.